Wimbo wa taifa si kitambulisho cha kukaguliwa uwanjani

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka amezoea kukaguliwa. Hukaguliwa mzigo, hukaguliwa kitambulisho, hukaguliwa hata kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Asichotarajia ni kukaguliwa midomo akiwa amekaa jukwaani, kwa tiketi aliyoilipia mwenyewe, majirani wakimtazama kama anaimba au amenyamaza.

Lakini hivyo ndivyo inavyokuwa wimbo wa taifa unapopigwa mbele ya watu waliogawanyika. Dakika mbili zilizowekwa kwa ajili ya heshima hugeuka kuwa mtihani. Anayeimba huonekana ni mwenzetu, asiyeimba huonekana ni wao. Kisha mpira unaanza, watu wanarudi nyumbani, na kesho yake wanakutana sokoni wakiwa na kinyongo ambacho jana yake hawakuwa nacho.

Suala hili linafaa kujadiliwa sasa, kabla joto halijapanda. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa jukumu la kuandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, baada ya kuandaa kwa pamoja michuano ya CHAN mwezi Agosti 2025. Mabasi yatapita Namanga, Busia, Malaba na Mutukula yakiwa yamejaa mashabiki. Wengi wao watakuwa watu walewale wanaopita hapo kila wiki na magunia ya maharage, marobota ya mitumba na matenga ya nyanya. Yatakayofanyika viwanjani yatawafuata hadi kwenye foleni ya forodha.

Mfano wa kujifunzia uko mbali, lakini unafanana na mambo ya huku kuliko inavyodhaniwa. Ni Ireland, kisiwa kimoja chenye mpaka katikati.

Mwaka 1921 Uingereza ilikigawa kisiwa hicho. Kaunti 6 za kaskazini zikabaki chini yake, na kaunti 26 zilizobaki zikawa nchi inayojitawala, ambayo leo ni Jamhuri ya Ireland. Huko kaskazini nako watu waligawanyika. Waprotestanti wengi walitaka kubaki Uingereza. Wakatoliki wengi walitaka kisiwa kiungane. Mapigano yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 yaliua zaidi ya watu 3,500 kabla ya Mkataba wa Ijumaa Kuu uliofikiwa Aprili 10, 1998.

Mpaka wenyewe, wenye urefu wa takriban kilomita 500, ulikata mashamba, parokia na koo. Vituo vya forodha viliwekwa mwaka 1923, na magendo ya ng'ombe na siagi yakawa riziki ya watu wa pande zote mbili. Ukaguzi huo wa forodha uliondoka tu soko la pamoja la Ulaya lilipoanza Januari 1, 1993. Mtu wa Busia au wa Rusumo hahitaji kueleziwa maisha hayo.

Mipira miwili ilichukua njia mbili tofauti. Soka iligawanyika pamoja na nchi. Shirikisho la kwanza lilikuwa Belfast tangu 1880. Mwaka 1921 likaanzishwa jingine Dublin, na hadi leo kisiwa kina timu mbili za taifa za soka. Raga haikugawanyika. Chama chake kilichoanzishwa mwaka 1879 kiliendelea kuwa kimoja, na timu ikabaki moja. Mkatoliki wa Limerick na Mprotestanti wa Belfast, raia wa nchi mbili tofauti, wakavaa jezi moja ya kijani na kusukumana bega kwa bega.

Tatizo lilibaki moja: waimbe wimbo gani?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la kukwepa. Timu ikicheza Dublin ulipigwa wimbo wa Jamhuri. Ikicheza Belfast ulipigwa wimbo wa mfalme au malkia wa Uingereza. Mwaka 1954, kabla ya mechi dhidi ya Scotland katika uwanja wa Ravenhill mjini Belfast, wachezaji kutoka kusini waliwaambia viongozi wao kwamba hawatasimama uwanjani kwa wimbo wa malkia. Suluhu ya haraka ikatafutwa na mechi ikachezwa. Lakini baada ya siku hiyo timu haikurudi Belfast kucheza mechi ya kimataifa hadi mwaka 2007. Kwa miaka 53, watu wa kaskazini waliopenda timu yao walilazimika kusafiri kwenda Dublin kuitazama. Wimbo mmoja uliufunga uwanja kuliko mvua na vita.

Na safari hiyo ya kwenda Dublin haikuwa salama. Aprili 25, 1987, wachezaji watatu wa kaskazini, David Irwin, Nigel Carr na Philip Rainey, walikuwa katika gari moja wakielekea mazoezini kujiandaa kwa Kombe la Dunia la kwanza la raga. Karibu na mpaka, kwenye barabara kuu ya Belfast hadi Dublin, bomu la IRA lililotegwa kumuua jaji mmoja aliyekuwa akija upande wa pili lililipuka. Jaji na mkewe walikufa. Wachezaji waliumia, na Carr hakucheza raga tena.

Inafaa kulitafakari hilo. Watu hao walikuwa wakisafiri kwenda kuiwakilisha Ireland nzima, wakavunjwa mwili na bomu la watu waliosema wanapigania Ireland nzima. Kisha timu iliyokwenda kwenye Kombe hilo la Dunia, kwa kukosa wimbo ambao wote wangeweza kuusimamia, iliingia uwanjani dhidi ya Wales kwa kanda ya wimbo wa mapenzi wa zamani, The Rose of Tralee. Watu waliohatarisha uhai kwa jezi moja hawakuwa hata na wimbo wa kusimamia.

Dawa ilikuja mwaka 1995. Chama cha raga kilimwagiza mtunzi Phil Coulter, mzaliwa wa Derry upande wa kaskazini, atunge wimbo wa timu. Ukaitwa Ireland's Call, na ukatumika kwenye Kombe la Dunia la mwaka huo nchini Afrika Kusini. Hautaji mfalme, jamhuri wala vita. Unataja majimbo manne ya kisiwa, likiwamo lile la kaskazini. Tangu hapo utaratibu ni huu: timu ikicheza ugenini, huimbwa huo peke yake. Ikicheza Dublin, hupigwa wimbo wa Jamhuri kama wimbo wa nchi mwenyeji, kisha huo wa timu. Timu za kisiwa kizima za mpira wa magongo na kriketi nazo wakauchukua.

Wapo wasioupenda hadi leo. Wengine kusini wanauona mwepesi, wimbo wa kutengenezwa ofisini, usio na damu wala historia. Wengine kaskazini wanauliza kwa nini Dublin wimbo wa Jamhuri bado unapigwa, wakati timu iliporudi Belfast Agosti 2007 kucheza na Italia, wimbo wa malkia haukupigwa. Malalamiko hayo yana uzito. Anayetaka usawa hawezi kuupima kwa mizani mbili, kama muuzaji mwenye jiwe la kununulia na jiwe la kuuzia.

Hata hivyo, wimbo usiompendeza mtu sana na usiomtukana mtu yeyote umefanya kazi ambayo nyimbo zenye damu na historia zilishindwa kuifanya. Mchezaji wa kaskazini hatazamwi midomo. Anaweza kuimba bila kumsaliti baba yake, na mwenzake wa kusini vilevile. Kinachotakiwa katika mapatano ni kila upande uondoke na kitu na usiondoke na aibu. Wafanyabiashara ndio wanaolijua hilo zaidi, kwa sababu bei nzuri ni ile inayomrudisha mteja kesho.

Soka ya Ireland Kaskazini inaonyesha upande wa pili. Pale Windsor Park, Belfast, timu ya taifa bado husimama kwa wimbo wa mfalme wa Uingereza. Kisheria hakuna kosa, kwa kuwa huo ndio wimbo wa nchi hiyo. Lakini wachezaji wengi waliolelewa katika familia za Kikatoliki husimama wakiwa wameinamisha vichwa na kufunga midomo. Mwaka 2002 Neil Lennon, Mkatoliki aliyekuwa akichezea Celtic ya Glasgow, aliacha kuichezea timu hiyo ya taifa baada ya kutishiwa kuuawa, siku ambayo alikuwa awe nahodha dhidi ya Cyprus.

Wengine waliondoka kimyakimya. Mkataba wa mwaka 1998 unampa mzaliwa wa kaskazini haki ya kuwa Mwingereza, Mwairishi au vyote viwili, na mwaka 2010 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliamua kwamba mchezaji wa namna hiyo anaweza kuichezea Jamhuri. James McClean wa Derry aliyechezea timu za vijana za kaskazini ni mmoja wa waliovuka. Nchi yenye watu chini ya milioni 2 haina wachezaji wa kugawa bure. Shirikisho la Belfast limefanya kampeni ya miaka mingi kufuta nyimbo za chuki majukwaani, na imesaidia. Mwaka 2013 liliamua wimbo wa taifa usipigwe kwenye fainali ya Kombe la Ireland kati ya Glentoran na Cliftonville, ili kuweka mazingira yasiyoegemea upande. Lakini kwa timu ya taifa swali bado liko palepale: duka likiwa na bango linalomkera nusu ya mtaa, mwenye duka asishangae nusu hiyo ikinunua kwingine.

Afrika ina mfano wake, na uko karibu zaidi. Agosti 15, 1992, Afrika Kusini ilirudi kwenye raga ya kimataifa dhidi ya New Zealand katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg. ANC ilikuwa imekubali mechi hiyo kwa masharti, likiwamo la kutopigwa Die Stem, wimbo wa taifa wa utawala wa kibaguzi. Badala yake kungekuwa na dakika ya kimya kuwakumbuka waliouawa katika machafuko. Kimya hicho hakikupatikana. Umati wa wazungu uliimba Die Stem, na mkuu wa raga wa eneo hilo, Louis Luyt, akaamuru wimbo huo upigwe kwenye vipaza sauti. New Zealand ikashinda 27 kwa 24. Jambo lililobaki vichwani mwa watu weusi siku ile si matokeo, bali ni wimbo ulioimbwa juu ya wafu wao.

ANC ingeweza kulipiza ilipoingia madarakani mwaka 1994, ikaufuta wimbo ule. Haikufanya hivyo. Nchi ikawa na nyimbo mbili, na mwaka 1997 zikaunganishwa kuwa mmoja wenye lugha tano: Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kiafrikaana na Kiingereza. Wapo wasioridhika nao hadi leo. Lakini kila Jumamosi ya raga, Mwafrika mweusi anaimba ubeti wa Kiafrikaana na Kaburu anaimba Kixhosa, na hakuna anayekufa.

Nusu ya kwanza ya wimbo huo ni Nkosi Sikelel' iAfrika, uliotungwa na Enoch Sontonga mwaka 1897. Sauti yake ndiyo sauti ya wimbo wa taifa wa Tanzania, na pia wa Zambia. Mtu anayevuka Tunduma hutoka kwenye wimbo mmoja akaingia kwenye mwingine wenye sauti ileile. Tayari ukanda huu una nyimbo zinazokula sahani moja.

Vilevile ukanda huu una makovu. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu ambayo wauzaji wadogo walikula mtaji wao. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Mashariki mwa Kongo, watu wanaozungumza Kinyarwanda wamebishaniwa uraia wao kwa miongo mingi, na tangu Goma iangukie mikononi mwa M23 Januari 2025, jina tu au umbo la pua vinaweza kumtia mtu hatarini. Wamasai wako pande zote za Namanga, Wasamia wako pande zote za Busia, Wasomali wako Garissa na Mogadishu. Watu hao wote wana jamaa wanaosimama kwa wimbo mwingine.

Katika hali hiyo, kuzomea wimbo wa mgeni si utani wa jadi wa mpirani. Timu ya Kongo ikikutana na ya Rwanda, au ya Burundi na ya Rwanda, miluzi ya dakika mbili inasikika hadi kwenye kizuizi cha mpaka. Mama anayevuka na ndoo ya samaki ndiye atakayeulizwa kesho yake kwa nini wenzake walifanya vile.

Wapo wanaosema basi nyimbo zifutwe kabisa, mpira uwe mpira. Hoja hiyo inavutia, lakini inasahau wanyonge. Julai 28, 2024, timu ya kikapu ya Sudan Kusini iliingia uwanjani kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, dhidi ya Puerto Rico, waandaaji wakapiga wimbo wa Sudan, nchi ambayo Sudan Kusini ilijitenga nayo mwaka 2011 baada ya vita vya miongo. Wachezaji walisimama wakiwa wamepigwa na butwaa, mashabiki wakapiga kelele za kupinga, na baada ya dakika chache ukapigwa ulio sahihi. Wakashinda 90 kwa 79. Kwa nchi changa kama hiyo, ambayo nayo imepigana yenyewe kwa yenyewe, kusikia wimbo wake ukipigwa kwa usahihi mbele ya dunia ni jambo kubwa. Kuufuta ni kuwanyang'anya walichokipata kwa shida.

Kwa hiyo tatizo si wimbo. Tatizo ni kuufanya kipimo cha nani ana haki ya kuwapo. Kuna mambo manne ambayo waandaaji wa michezo Afrika Mashariki wanaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Kwanza, mapatano yafanyike kabla ya siku ya mechi, si mlangoni mwa uwanja. Ireland ilipata taabu mwaka 1954 kwa sababu swali liliachwa hadi timu ilipokuwa imevaa jezi.

Pili, mchezaji au shabiki aliyesimama kwa adabu asidaiwe kuimba. Kusimama ni heshima. Kuimba ni moyo, na moyo haulazimishwi. Mashirikisho yaliandike hilo katika kanuni zao, ili mchezaji mwenye mama wa upande huu na baba wa upande ule asihukumiwe na kamera.

Tatu, wimbo wa mgeni ulindwe kwa nguvu ileile unaolindwa wa mwenyeji. Februari 24, 2007, England ilikwenda Dublin kucheza raga katika uwanja wa Croke Park, mahali ambapo Novemba 21, 1920 vikosi vya Waingereza viliwafyatulia risasi watazamaji na wachezaji na kuua watu 14. Wengi waliogopa wimbo wa malkia ungezomewa. Ulisikilizwa kwa utulivu hadi mwisho, ukapigiwa makofi. Kisha Ireland ikaifunga England 43 kwa 13. Aliyejiamini hahitaji kuzomea. Anasubiri mpira uanze.

Nne, upo wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ulipitishwa mwaka 2010, uko kwa Kiswahili, na hupigwa kwenye sherehe za viongozi. Wananchi wengi hawajawahi kuusikia, kwa sababu hawaalikwi kwenye sherehe hizo. Timu mbili za nchi wanachama zinapokutana, upigwe baada ya nyimbo za mataifa yao. Hauwezi kupigwa katika kila mechi ya CECAFA, kwa kuwa Ethiopia, Eritrea, Djibouti na Sudan hazimo kwenye Jumuiya. Lakini Kenya ikikutana na Tanzania, au Burundi na Rwanda, hakuna sababu ya kuuacha kabatini.

Watasema huo nao ni wimbo wa ofisini, usio na damu. Ndivyo walivyosema Waairishi mwaka 1995. Wimbo hupata uzito kwa kuimbwa na watu wenye jambo la kufanya pamoja, na kama kuna watu wenye jambo la kufanya pamoja katika ukanda huu, ni wale wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi lango la mpaka.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani huitwa kwenye vikao vya ushuru na vibali. Waombe nafasi pia kwenye kamati za maandalizi ya 2027, kwani mashabiki wakigombana wao ndio watakaokosa mabasi, wateja na usingizi. Mechi huisha kwa dakika 90. Soko la Jumatatu haliahirishwi.